PEI inaua HEK293 kabla hazijang'aa kijani: tatizo ni uwiano, chumvi au plasmidi?

Nyegezi_Seli:

Wakuu wa maabara, salaam. Naomba msaada kwenye kuingiza jeni ndani ya seli bila kutumia virusi.

Seli ni HEK293 (za figo ya kiinitete cha binadamu) kwenye sahani ya visima 24. Plasmidi (DNA ya duara) ni pEGFP-N1, yenye jeni ya protini ya kijani (kb 4.7). Kibebaji ni PEI (polietilenimini, polima yenye chaji chanya) yenye matawi, kDa 25, myeyusho wa akiba mg 1 kwa ml kwenye maji safi ya maabara. Kila kisima kinapata µg 0.5 za DNA na µg 3 za PEI. Vyote vinachanganywa kwenye DMEM (midia ya kukuzia seli) isiyo na seramu, vinakaa saa nzima kwenye joto la chumba, kisha vinamiminwa juu ya seli. Baada ya saa 24 karibu nusu ya seli zimeelea, na kati ya zilizobaki, zinazong'aa kijani hazifiki moja kwa kumi. Kisima cha DNA tupu hakina kijani na seli zake ni nzima.

Nataka kujua pa kuanzia: ni uwiano, ni PEI yenyewe, au ni plasmidi? Pili, HEK ni za mazoezi tu. Lengo ni kuhamia K562 (seli za saratani ya damu), maana kazi yenyewe inahusu jeni za globini na selimundu. Je, njia hii itahamishika? Tatu, wapo wanaosema kitosani, polima nyingine ya kubebea jeni, ni pole zaidi kwa seli kuliko PEI. Hapa Mwanza magamba ya sangara yanatoka viwandani kwa magunia. Yanafaa kutoa kitosani?

---

Mkolani:

Mkuu, piga hesabu kwanza, seli baadaye.

Kila fosfati ya DNA ina uzito wa wastani wa 330, kwa hiyo µg 1 ya DNA ina kama nmol 3 za fosfati. Kila kipande cha PEI chenye nitrojeni moja kina uzito wa 43, kwa hiyo µg 1 ya PEI ina kama nmol 23 za nitrojeni. Kisima chako kina nmol 1.5 za fosfati na nmol 70 za nitrojeni. N/P yako, yaani nitrojeni kwa fosfati, ni 46. Kwa PEI yenye matawi hiyo ni sumu, hata plasmidi iwe safi namna gani.

DNA yote huwa imeshikwa N/P inapofika 3 hivi. Ukiongeza PEI baada ya hapo, nyingi inabaki huru kwenye midia, na hiyo huru ndiyo inayoshambulia utando wa seli. Lakini usikimbilie kuiondoa yote, kwa sababu hiyohiyo huru inasaidia chembe (DNA iliyoshikwa na PEI) kutoka kwenye endosomu, vifuko ambavyo seli huzimezea. Ukishuka hadi N/P 3 seli zitapona vizuri, na kijani kitapotea vilevile. Unachotafuta ni pale ambapo kijani kimeshapanda na vifo havijaanza.

Jaribu N/P 5, 8, 10 na 15. Kwa µg 0.5 za DNA hiyo ni µg 0.33, 0.52, 0.65 na 0.98 za PEI. Usijaribu kupima µl 0.33 kwa pipeti, utakuwa unakisia tu. Punguza akiba iwe mg 0.1 kwa ml, halafu chukua µl 3.3, 5.2, 6.5 na 9.8.

Angalia pia pH ya akiba. PEI yenye matawi ikiyeyushwa kwenye maji bila kurekebishwa ni alkali kali, huenda hadi 10. Ishushe kwa HCl hadi 7.0–7.4, ichuje kwa kichujio cha µm 0.22, igawe kwenye vichupa vidogo. Ukipata nafasi ya kuagiza upya, agiza PEI nyoofu ya kDa 25. Hiyo ni pole zaidi, na uwiano wa uzito wa 1:3 (DNA kwa PEI) unafanya kazi kwenye HEK bila vifo vya namna hii. Kumbuka tu kwamba PEI nyoofu isiyo chumvi haiyeyuki kwenye maji baridi: pasha hadi nyuzi 70–80 huku ukikoroga, na urekebishe pH.

Jingine: seli kuelea hakumaanishi zimekufa. HEK zinang'oka kirahisi, ukimimina midia kwa nguvu tu zinabanduka. Kusanya zilizoelea, weka tripani bluu, rangi inayoingia seli zilizokufa tu, uhesabu zilizoingia rangi. Na ongeza kisima cha PEI peke yake kwa kiasi kilekile. Usishangae kikiua zaidi kuliko mchanganyiko, maana hapo PEI yote iko huru.

---

BwiruBioteki:

Naunga mkono hesabu ya Mkolani, ila hata ukirekebisha uwiano, saa nzima kwenye DMEM itakuangusha.

Chembe zinatengana kwa sababu zote zina chaji chanya, zinasukumana. Chumvi ya midia inaifunika chaji hiyo, zinagongana na kushikana. Zikianza na kipenyo cha nm 100 hivi, kwenye chumvi ya mM 150 zinaendelea kukua kadiri dakika zinavyopita, na PEI nyoofu inaweza kuvuka mikromita 1 ndani ya saa. Madonge hayo yanaangukia seli chache: hizo zinapata mzigo wa kuua, jirani zake hazipati kitu. Picha unayoieleza, vifo vingi na kijani kidogo, ndiyo hiyohiyo.

Fanya hivi. Bomba la kwanza: µg 0.5 za DNA kwenye µl 25 za NaCl ya mM 150 iliyochujwa. Bomba la pili: PEI kwenye µl 25 za NaCl ileile. Yote mawili yawe na joto la chumba, yasitoke kwenye barafu moja kwa moja. Mimina PEI yote juu ya DNA kwa mkupuo mmoja na voteksi hapohapo kwa sekunde 10. Usidondoshe tone moja moja, kwa sababu katikati ya safari mchanganyiko unapita kwenye chaji sifuri, na hapo ndipo chembe hugandana kuliko mahali pengine popote. Ni kama kusonga ugali: unga uleule, maji yaleyale, mkono ndio unaoamua kama kutakuwa na madonge.

Subiri dakika 10 hadi 15. Miongozo ikisema joto la chumba inamaanisha nyuzi 20–25. Kama maabara yako haina kiyoyozi na mchana chumba kinapanda hadi 28 au 29, ishia kwenye 10. Kisha dondosha µl 50 zote kwenye kisima chenye µl 450 za midia, tikisa sahani mbele-nyuma, usiizungushe maana seli na chembe zitakusanyika katikati. Baada ya saa 4 hadi 6 badilisha midia. Seramu kwenye kisima siyo tatizo kwa PEI. Tatizo ni seramu kwenye bomba wakati chembe zinaundwa, kwa sababu protini zake zinashindana na DNA. Antibayotiki ziondoe siku hiyo, maana utando ukishalegezwa zinaingia ndani kwa wingi.

Kuna wanaoshauri glukosi ya asilimia 5 badala ya NaCl ili chembe zibaki ndogo. Kwa kudunga mnyama, ndiyo. Kwenye sahani chembe ndogo sana zinaelea na hazizifikii seli, kijani kinashuka. Ukuaji kidogo kwenye chumvi unazisaidia kutua.

Kuhusu plasmidi, pima usafi wake kwa ufyonzaji wa mwanga: A260/280 iwe 1.8–2.0, A260/230 ipite 2. Ya pili ikiwa chini kuna masalia ya chumvi za kiti (seti ya kusafishia DNA) yanayovuruga chaji. Pitisha kwenye jeli uone kama sehemu kubwa bado imejisokota. Umeme ukikatika mara kwa mara friza inayeyusha na kugandisha tena, na kila mzunguko unakata nyuzi. Endotoksini (sumu za ukuta wa bakteria) za E. coli usizipuuze. HEK zinazivumilia kiasi, ila ukihamia seli za damu zitaharibu kila kitu, kwa hiyo tumia kiti cha kuondoa endotoksini tangu sasa ili matokeo yako yalinganike.

Seli zenyewe: panda 100,000 kwa kisima siku moja kabla, ziwe zimefunika asilimia 70–80 ya sakafu. Zikiwa chache zinakufa, zikijaa sana zinaacha kugawanyika, na plasmidi inahitaji seli igawanyike ili ipate njia ya kuingia kwenye kiini. Pima na mikoplazma, bakteria wadogo wanaochafua seli. Seli zenye mikoplazma zinaonekana nzima kwenye hadubini ilhali zinapokea jeni vibaya.

---

Nyegezi_Seli:

Nashukuru sana wakuu. Nimepitisha michanganyiko kwenye jeli ya agarosi ya asilimia 1 kabla ya kugusa seli. N/P 0 bendi inaonekana. N/P 1 kuna mburuzo. N/P 3 DNA imebaki mlangoni (kwenye kishimo cha kuwekea sampuli), inang'aa kidogo. Ila N/P 10 hakuna kitu, wala mlangoni wala njiani. DNA imekwenda wapi?

---

Mkolani:

Haijaenda popote. Ethidiamu, rangi ya kuonyeshea DNA kwenye jeli, inang'aa inapojipenyeza kati ya besi za DNA. PEI ikiibana DNA sawasawa, rangi haipati pa kuingia, kwa hiyo mlango unakuwa mweusi. Hiyo ni dalili njema.

Kuthibitisha, chukua mchanganyiko huohuo, ongeza heparini, uache dakika 15 hadi 30, upitishe tena. Heparini ina chaji hasi nyingi, itashika PEI na kuiachia DNA, na bendi zako zitarudi kama za N/P 0. Zikirudi zimekatikakatika, DNA iliharibika kabla au wakati wa kuchanganya. Heparini nyingi mno ikihitajika, kibebaji kimeshika kwa nguvu kupita kiasi, na ndani ya seli nako kitagoma kuachia.

Angalia rangi ya kupakilia sampuli. Baadhi zina SDS, aina ya sabuni. Hiyo inavunja chembe mlangoni, na utadhani PEI haikushika kitu.

Ukitaka kujua kama kizuizi ni endosomu, tumia klorokwini, hii hii ya malaria ambayo Tanzania iliacha kuitumia kama dawa ya kwanza mwaka 2001. Weka µM 50 pamoja na chembe, saa 4, kisha osha kabisa. Inavimbisha endosomu na kuzipasua. Kijani kikipanda sana penye klorokwini, chembe zinaingia ila zinafungiwa humo. Kisipobadilika, tafuta tatizo kwenye kuingia au kwenye kiini. Weka na kisima cha klorokwini bila chembe, kwa sababu yenyewe ni sumu ikizidi.

---

Kapripointi:

Nimesubiri mfike kwenye K562, maana hapo ndipo mambo yanapobadilika, na kwa sisi wa Kanda ya Ziwa ndipo kazi ilipo. Watoto wanaozaliwa na selimundu huku ni wengi mno kuturidhisha na HEK za kijani.

K562 zinaelea. Chembe zinazotegemea kutua juu ya seli zinapoteza faida hiyo, na PEI kwenye seli za damu kwa kawaida inatoa matokeo duni na vifo vingi. Unaweza kusaidia kidogo kwa kuzungusha sahani kwenye sentrifyuji, g 300 kwa dakika 5 baada ya kuweka chembe, ila usitarajie muujiza. Na ukifika kwenye seli za shina za damu zenyewe (zinazotambulika kwa alama ya CD34), nyingi zimetulia hazigawanyiki, kwa hiyo plasmidi inabaki nje ya kiini. Tena DNA ngeni kwenye saitoplazimu inaamsha kengele za kinga na seli zinajiua.

Ndiyo maana ushauri wangu ni huu: acha plasmidi, nenda mRNA (nakala ya jeni ambayo seli huisoma kutengeneza protini), na kibebaji kiwe nanochembe za lipidi. mRNA inafanya kazi saitoplazimu, haihitaji kuvuka kiini. Haidumu, na kwa kikata-jeni kama Cas9 kutodumu ni faida, kwa sababu kikikaa muda mrefu kinaongeza hatari ya kukata mahali pasipotakiwa.

Mapishi ya kuanzia ni yale ya patisirani, dawa ya kwanza ya siRNA (RNA fupi ya kuzima jeni) kuidhinishwa Marekani, mwaka 2018: lipidi inayopokea chaji (DLin-MC3-DMA) asilimia 50 ya moli, DSPC 10, kolesteroli 38.5, PEG-lipidi 1.5. Kwa µg 10 za mRNA una kama nmol 30 za fosfati. Kwa N/P 6 unahitaji nmol 180 za MC3, kwa hiyo DSPC nmol 36, kolesteroli nmol 139, PEG-lipidi nmol 5.4. Zote ziyeyuke kwenye µl 25 za ethanoli. mRNA iwe kwenye µl 75 za bafa ya sitreti, pH 4. Uwiano wa maji kwa ethanoli ni 3:1.

pH 4 ndiyo siri. MC3 ina pKa (pH ambapo nusu ya molekuli zina chaji) ya 6.4 hivi: kwenye 4 ina chaji chanya na inaishika mRNA, kwenye damu yenye 7.4 inakuwa karibu haina chaji kwa hiyo haisumbui seli, na ndani ya endosomu inayozidi kuwa na asidi inapata chaji tena na kuvuruga utando. Ukitumia PBS (bafa ya fosfati ya pH 7.4) badala ya sitreti utapata chembe tupu, na mRNA itabaki nje.

Mashine ya mifereji midogo ndiyo bora. Kama hakuna, pipeti inatosha kwa majaribio ya seli: ingiza ethanoli kwenye sitreti kwa kasi, panda-shuka sekunde 20 hadi 30 bila kutoa mapovu. Ukiingiza polepole unapata chembe kubwa zisizolingana. Acha dakika 10, ongeza PBS, kisha tenganisha kwa mfuko wa dayalisisi kwenye PBS ya pH 7.4 angalau saa 2, ethanoli itoke na pH ipande. Unatafuta nm 80–100. Pima mRNA iliyofungiwa kwa RiboGreen (rangi inayong'aa ikishika RNA), mara moja bila Triton na mara moja penye Triton (sabuni inayovunja chembe). Tofauti ya hizo mbili ndiyo iliyo ndani. Ikiwa chini ya asilimia 80 usiipeleke kwenye seli, rudi kwenye pH na kasi ya kuchanganya.

DSPC inasumbua. Kwenye ethanoli iliyotoka kwenye friji inaganda na kuzama chini, na mtu akichota juu uwiano wote unakuwa umeharibika bila yeye kujua. Pasha nyuzi 50–60 hadi myeyusho uwe angavu, utumie ungali na joto. MC3 ina vifungo viwili-viwili vinavyooza kwa oksijeni, kwa hiyo itunze kwenye nyuzi −20 chini ya nitrojeni au agoni.

Na jambo ambalo wengi hawaambiwi: chembe za MC3 zinaingia seli nyingi kwa kuvaa ApoE (protini inayobeba mafuta) ya kwenye seramu na kushikwa na vipokezi vya LDL. Kwenye midia isiyo na seramu unaweza kupata sifuri ukadhani chembe ni mbovu. Ongeza ApoE ya binadamu, µg 0.5 hadi 1 kwa ml. Uhusiano huohuo ndio unaozipeleka chembe kwenye ini zikidungwa mwilini, na ndiyo sababu mafanikio mengi hadi sasa ni ya ini. Hata yule mtoto mchanga wa Philadelphia aliyetangazwa Mei 2025 kutibiwa kwa kirekebisha-besi (kifaa kinachobadili herufi moja ya DNA) alichotengenezewa peke yake, ugonjwa wake (upungufu wa kimeng'enya cha CPS1) ni wa ini.

Kwa selimundu, Casgevy (tiba ya kuhariri jeni) iliyoidhinishwa Uingereza Novemba 2023 na Marekani Desemba 2023 haitumii nanochembe. Seli za shina zinatolewa, zinafunguliwa kwa umeme, CRISPR (mfumo wa Cas9) inaingia, kisha mgonjwa anapewa busulfani ya kusafisha uboho kabla ya kurudishiwa. Kwa hospitali zetu huo ni mlima. Ndiyo maana chembe inayoweza kufika kwenye uboho kwa sindano ya kawaida ni jambo la kufa na kupona kwetu. Mwaka 2023 watafiti wa Philadelphia walionyesha, kwenye panya, kwamba chembe za lipidi zilizobandikwa kingamwili ya CD117 (kipokezi kilicho juu ya seli za shina) zinazifikia seli za shina za damu humohumo mwilini. Njia ipo, ingawa bado ni ndefu.

---

BwiruBioteki:

Kwenye swali la magamba, jibu ni hapana. Magamba ya sangara ni kolajeni na madini ya kalsiamu fosfati. Kitosani inatoka kwenye kitini, na kitini iko kwa wingi kwenye maganda ya kamba na kaa, kwenye wadudu na kwenye kuvu. Ukitaka kuanzia malighafi ya nchini tafuta maganda ya kamba wa pwani: HCl kuondoa madini, NaOH kuondoa protini, halafu NaOH ya asilimia 40–50 yenye moto kuondoa asetili.

Lakini kwa kazi ya jeni nisingeanza hapo. Unahitaji kujua kiwango cha kuondoa asetili (asilimia 85 kwenda juu) na uzito wa molekuli, na kila chungu kitakupa tofauti. Nunua iliyopimwa. Iyeyushe kwenye asidi asetiki ya asilimia 1, rekebisha pH iwe 5.5, changanya na DNA kwa N/P 5. Ni kweli ni pole kwa seli. Tatizo lake ni pKa ya 6.5 hivi: kwenye midia ya 7.4 inapoteza chaji na kuiachia DNA mapema. Weka midia ya pH 6.5–6.8 kwa saa 4 za mwanzo, kisha rudisha ya kawaida.

---

Nyegezi_Seli:

Nimewaelewa. N/P 8 kwa dakika 10 kwenye NaCl inaonekana vizuri zaidi: zinazong'aa ni karibu nusu, na zilizoingia tripani bluu ni chache. Nitaagiza lipidi. Maswali mawili ya haraka: chembe za lipidi nikizitengeneza nizigandishe? Na midia yangu inaelekea uwaridi zaidi ya kawaida (dalili ya pH kupanda) ingawa inkubeta inasoma CO2 asilimia 5. Hilo linaathiri kitosani?

---

Kapripointi:

Usizigandishe kwenye PBS tupu. Barafu inazisukuma pamoja na zinaungana, ukiyeyusha utakuta nm 200 na mRNA imevuja. Ziweke nyuzi 4 na uzitumie ndani ya siku chache. Ikibidi kugandisha, badilisha bafa iwe Tris yenye sukrosi ya asilimia 8–10, gawa kwenye vichupa vya matumizi ya mara moja, na pima ukubwa kabla na baada. Kwa friza inayokatikiwa umeme, nyuzi 4 ni salama kuliko −20 inayopanda na kushuka.

Uwaridi: kwanza hakikisha inkubeta yako inasoma sawasawa. Kisha kumbuka Mwanza iko mita 1,140 juu ya bahari, kanieneo ya hewa ni kama kPa 88 badala ya 101. Asilimia 5 ya hapa ni sawa na 4.4 ya pwani, na pH inapanda kama 0.06. Kwa HEK na PEI haina madhara. Kwa kitosani unayoipima kwenye mpaka wa 6.5, na zaidi kwa kalsiamu fosfati ambayo inataka bafa ya 7.05–7.12 bila kuteleza, usiiachie. Panga inkubeta asilimia 5.7, acha midia ndani usiku mzima, kisha pima pH mara tu ukiitoa, kabla CO2 haijatoka.